Pumua, Mama

Leo naungama. Habari hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeifuta, kwa sababu kila nikifika katikati aibu inanishika. Lakini kazi yetu sisi waandishi ni kuwahoji wengine kuhusu makosa yao. Si haki tukawa hodari wa kuuliza na mabubu wa kujibu.

Mwaka 2021 nilikuwa mwandishi mchanga kwenye gazeti moja hapa Dar es Salaam. Nilipewa ukurasa wa afya. Msije mkadhani nilipewa kwa sababu nina utaalamu wowote. Aliyekuwa akiuandika aliacha kazi, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu na meza ya mhariri. Jumatano moja usiku, tangazo lililotakiwa kujaza nusu ya ukurasa likaondolewa. Mhariri akaniita: "Dogo, nataka maneno mia sita kabla ya saa nne."

Nikaingia kwenye intaneti. Nikakuta habari za watu wa Ulaya na Marekani wanaofundishwa kupumua ili watulize maumivu baada ya upasuaji. Habari tamu. Nikaisoma mbio mbio, nikachukua yaliyonipendeza, nikaruka yenye masharti. Kwenye zile kurasa palikuwa na maneno kama "pamoja na dawa" na "kwa maelekezo ya daktari wako". Maneno kama hayo huharibu kichwa cha habari, nikayaacha. Kichwa changu kikawa "Pumua, Usahau Vidonge". Sikumpigia daktari, sikumpigia nesi, na mimi mwenyewe sijawahi kulazwa hata siku moja. Saa tatu na nusu nikakabidhi kazi. Mhariri akanigonga begani. Nikaenda zangu kula chipsi mayai nikiwa na furaha kabisa.

Mama yangu anaishi mkoani, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Gazeti lile lilimfikia siku mbili baadaye kupitia kwa mwalimu jirani yake. Akakata ile makala kwa mkasi, akaiweka ndani ya Biblia yake. Alikuwa anawaonyesha wageni. "Someni, huyu ni wa kwangu." Kila nikipiga simu alikuwa anarudia sentensi mbili tatu kwa kichwa. Nami nilikuwa nacheka, najisikia mwandishi kweli kweli.

Basi, mwaka 2022 mama akaanza kuumwa tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu. Akila kitu chenye mafuta anajikunja. Walipompima kwa utrasaundi wakakuta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ikaamuliwa apasuliwe. Sehemu nyingine hutoboa matundu madogo na kuingiza kamera, ila yeye alifanyiwa upasuaji wa kawaida, yaani mkato mmoja mrefu chini ya mbavu za kulia. Dada yangu ndiye aliyekuwa naye. Alinipigia simu jioni ile: "Ametoka salama, nusu kaputi inamwisha, anauliza kama umekula." Huyo ndiye mama.

Kesho yake nilipanda basi la saa kumi na mbili alfajiri pale kituo cha Mbezi Luis, nikafika hospitalini jioni watu wakiwa wanaingia kuona wagonjwa. Nilimkuta amelala chali, ametulia tuli, macho yako darini. Dada akaninong'oneza kwamba manesi wanamsifu, ni mgonjwa mzuri, halalamiki, hasumbui. Nilipomsogelea niliona jasho kwenye paji la uso, na wodi ile ilikuwa na baridi. Nikamwuliza, "Mama, unaumwa sana?" Akasema, "Kawaida tu, baba."

Kilichonitisha ni pumzi yake. Alikuwa anapumua juu juu, vipumzi vifupi vifupi, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni anayeogopa kumwaga hata tone. Kifua kilikuwa kinakwaruza. Makohozi yapo, ila hakohoi. Kila kikohozi kilipotaka kuja alikunja ngumi na kukimeza. Dada alipotaka kumwinua akae, mama alitikisa kichwa: "Niacheni nilale hivi hivi." Nilikaa hadi tulipofukuzwa, nikaenda kulala kwa mjomba.

Asubuhi ya siku ya pili baada ya upasuaji tukakuta ana homa. Kipimajoto kilisoma 38 na pointi. Nesi wa zamu, mama wa makamo mwenye sauti ya ukali kidogo, akasoma faili, akamtazama mama, akasoma tena. "Dawa za maumivu amekunywa zote?" Mama akaitikia. Nesi akasema hebu tukubadilishie shuka. Walipomgeuza ubavu, pindo la kanga yake likaanguka pembeni. Lilikuwa na fundo. Nesi akalifungua. Ndani mlikuwa na vidonge vyote alivyopewa tangu jana asubuhi. Usiku wa kwanza alichomwa sindano, hakuwa na la kufanya. Vilipokuja vidonge, alikuwa anaweka mdomoni, nesi akigeuka anavitoa na kuvifungia kwenye kanga.

"Mama, nani kakwambia ufanye hivi?"

Mama hakumjibu nesi. Alinigeukia mimi. "Si uliandika mwenyewe, baba? Napumua kama ulivyosema. Sema haiishi bado."

Ndugu msomaji, nimewahi kuzomewa na wanasiasa, nimewahi kufukuzwa mlangoni na walinzi. Hakuna lililonichoma kama sentensi ile. Nesi akaniuliza, "Uliandika nini wewe?" Nikamweleza. Nilidhani atanitoa nje. Badala yake alivuta kile kiti cha plastiki, akaniambia, "Kaa hapo, mwandishi. Leo utasoma."

Cha kwanza akampa mama dawa, na safari hii alisimama hadi alipomeza na kufungua mdomo kama mtoto wa chekechea. Halafu akasema tusubiri. Vidonge vya namna ile huchukua kama nusu saa hadi saa moja kabla mtu hajasikia nafuu ya kueleweka. Mazoezi ya kupumua hupangwa baada ya muda huo. Ukimwambia mtu aliyekatwa chini ya mbavu avute pumzi ndefu wakati dawa haijafanya kazi, unamtesa, na mwili wake utakataa.

Tukiwa tunasubiri akanieleza kitu ambacho makala yangu yote ilikuwa imekigeuza juu chini. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uliojikunja kama bakuli lililofunikwa, unaitwa kiwambo. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka, tumbo linatoka kidogo mbele, na mapafu yanafunguka mpaka chini kabisa. Mtu aliyepasuliwa tumbo, hasa sehemu ya juu karibu na mbavu, kila kiwambo kikishuka anasikia mshono. Kwa hiyo mwili unajitetea: anapumua juu juu, hakohoi, hageuki. Baada ya saa kadhaa vifuko vidogo vya hewa vilivyo chini ya mapafu vinaanza kunywea kama puto lililokosa hewa. Makohozi yanatuama. Wadudu wakikuta mahali palipotuama, wanafanya makazi, na hapo nimonia inaweza kuanza. Mtu amepona kisu, anakuja kuangushwa na kifua.

"Kwa hiyo," akasema, "sisi hatumpi mama dawa ili awe mlegevu. Tunampa dawa ili aweze kupumua."

Sentensi hiyo niliiandika kwenye daftari langu hapo hapo. Mie niliandika kwamba pumzi inachukua nafasi ya dawa. Kumbe kitandani mambo yanakwenda kwa mpangilio mwingine: dawa inafungua mlango, pumzi ndiyo inayopita.

Daktari alipopita raundi akasikiliza kifua cha mama mbele na nyuma. Akasema chini ya pafu la kulia hewa haiingii vizuri, ila hajaona dalili za nimonia. Akaagiza dawa za maumivu zitolewe kwa saa zake bila kungoja mgonjwa aombe, akalishwe kwa kukalishwa, atembezwe, na afanye mazoezi ya pumzi. Mchana akaja kijana wa fiziotherapia akarudia yale yale ya nesi na kuongeza yake. Nitayaandika hapa kama nilivyofundishwa, maana safari hii nilikuwa nauliza swali kila baada ya sentensi.

La kwanza ni pumzi ya mapafu. Mgonjwa akae, au kichwa cha kitanda kiinuliwe, maana ukilala chali kiwambo kinabanwa. Mkono mmoja juu ya tumbo, mbali na mshono. Avute hewa polepole kwa pua hadi asikie mkono unainuka, aishikilie kama sekunde tatu, aitoe taratibu kwa mdomo. Mara 10 kila saa anapokuwa macho. Asiende mbio. Akisikia kizunguzungu au midomo inafanya ganzi, anapumua haraka mno. Apumzike, arudie kupumua kawaida, kisha aendelee.

La pili ni kukohoa. Mama alipolisikia hili alifumba macho. Kijana akachukua mto, akamwekea juu ya mshono na kumwambia aukumbatie kwa mikono miwili, aubane kwa nguvu kiasi, avute pumzi, halafu akohoe. Mto unaushika mshono usivutwe na kile kishindo. Mama alikuwa anaogopa nyuzi zitafumuka. Kijana akamhakikishia kwamba nyuzi hizo zimeshonwa kuhimili kikohozi. Alikohoa mara ya kwanza machozi yakamtoka, mara ya tatu kikatoka kile kilichokuwa kinakwaruza tangu jana. Dada yangu akapiga kigelegele kidogo, wodi nzima ikacheka.

La tatu ni pumzi ya kujongea. Unapotaka kugeuka au kuinuka, usibane pumzi. Geukia ubavu kwanza, shusha miguu, na pale unapojiinua kwa mikono ndipo unatoa pumzi. Mama akasema, "Mbona hii naijua?" Ni kweli anaijua. Kaa karibu na wanawake wanaotwanga: kila mchi unaposhuka kuna sauti inatoka kifuani, hm, hm, hm. Mpagazi sokoni naye akiinua gunia anatoa pumzi kwa mkoromo. Hakuna aliyewapeleka semina.

La nne ndilo nililolisoma siku ile kwenye intaneti na kulifanya liwe ndilo peke yake. Ni pumzi ya kutuliza: vuta kwa kuhesabu hadi nne, toa kwa kuhesabu hadi sita, polepole kama unapooza uji. Hesabu za sekunde, yaani pumzi moja kwa sekunde 10, sita kwa dakika. Unaposhusha pumzi ndefu mapigo ya moyo hupungua kidogo, kwa sababu mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda kwenye moyo na tumbo huutuliza moyo wakati huo. Misuli ya mabega na tumbo inaachia. Hofu inashuka. Na misuli ikiachia, mshono hauvutwi sana.

Haya mambo yana historia, na ningekuwa mwandishi makini ningeisoma kabla. Miaka ya 1930 daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alianza kuwaeleza watu kwamba mama anayejifungua akijaa hofu, misuli inakaza, na misuli ikikaza maumivu yanazidi. Mwaka 1951 daktari Mfaransa Fernand Lamaze alikwenda Urusi ya Kisovieti, akaona wanawake wakiandaliwa kwa mazoezi kabla ya uzazi, akarudi Paris na kuanza kuwafundisha wazazi kupumua kwa mpangilio. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia yao kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango: habari za maumivu haziendi kwenye ubongo kama maji kwenye bomba, zinaweza kupunguzwa au kuongezwa njiani, na ubongo wenyewe una sauti katika kulifungua na kulifunga. Wataalamu waliofuata walirekebisha sehemu za nadharia ile, lakini wazo kubwa lilibaki. Ndiyo maana hofu, usingizi, kuzungumza na mtu unayempenda, na pumzi ya taratibu vinaweza kubadili jinsi unavyosikia maumivu, na maumivu hayo si ya kubuni.

Lakini kupunguza ni neno moja na kuondoa ni neno jingine. Waliopima pumzi ya taratibu kwa wagonjwa wameona nafuu ndogo au ya wastani, tena si kwa kila mtu. Mimi niliandika "usahau".

Kuna utafiti mwingine ambao ningeuandika kama ningekuwa nimesoma kwa utulivu, na ulikuwa umeshatoka tangu 2018 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Mtaalamu wa fiziotherapia Ianthe Boden na wenzake waliwafuatilia watu 441 wa Australia na New Zealand waliokuwa wanasubiri upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu. Nusu yao wakaongezewa kikao kimoja cha dakika 30 kabla ya upasuaji, wakaelezwa kwa nini mapafu yatakuwa hatarini na wakafundishwa mazoezi ya kupumua ya kuanza nayo mara wakiamka. Waliopata kijitabu peke yake, takriban 27 katika kila 100 walipata matatizo ya mapafu baada ya upasuaji. Waliofundishwa, takriban 12. Nusu saa tu! Haihitaji mashine wala umeme. Inahitaji mtu anayejua, kiti, na mgonjwa ambaye bado hajakatwa na akili yake imetulia. Nikajiuliza: zile wiki tatu mama alizokuwa anasubiri tarehe ya upasuaji nyumbani, mimi niliye na simu na daftari nilikuwa nafanya nini?

Nirudi wodini. Jioni ile nesi aliuliza tena mama anaumwa kiasi gani, sifuri hadi kumi. Mama akajibu lile jibu lake la siku zote: kawaida. Nesi hakuondoka. Akauliza, "Ukikohoa je?" Mama kimya. "Ukitaka kukaa je?" Mama akasema, "Hapo ni nane." Kumbe ndivyo inavyopaswa kuulizwa. Mtu akilala tuli anaweza kusema mbili, na hiyo mbili anaipata kwa kutopumua. Maumivu ya mtu aliyepasuliwa unayapima anapovuta pumzi, anapokohoa na anapoinuka, kwa sababu hayo ndiyo yanayompeleka nyumbani.

Mama alikuwa na hofu nyingine, akaitoa usiku ule tukiwa wawili. Alisema aliogopa atazoea dawa, kama wale vijana wa mtaani. Pia aliona aibu kuita nesi wakati kuna mama kitanda cha pili mwenye hali mbaya zaidi yake. Sisi tumelelewa hivyo. Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa. Mwanamke akijifungua kimya anasifiwa ukoo mzima. Mwanamume akigumia kwa kidonda anaitwa mwanamke. Tunamwita mgonjwa mzuri yule asiyesema, na asiyesema ndiye aliyekuwa na vidonge kwenye pindo la kanga. Nilimweleza kama nesi alivyonieleza: dawa za siku chache, kwa kipimo na saa zilizoandikwa, chini ya macho ya wauguzi, hazilingani na mambo ya mtaani. Hata sindano kali za usiku wa kwanza hutolewa kwa kipimo, na manesi wanafuatilia jinsi anavyopumua.

Siku ya nne tulimtembeza hadi mlangoni. Siku ya tano akafika barazani akakaa juani, akanywa uji wa ulezi kikombe kizima. Homa ilikuwa imeshuka. Yule kijana alimtengenezea kifaa: chupa ya maji yenye maji kiasi, na mpira safi wa dripu umezamishwa ndani. Kazi yake kupuliza mapovu taratibu. Mama alikuwa anapuliza huku anawahesabia wenzake, hadi kitanda cha pili naye akaomba chupa yake. Siku ya nane tukarudi nyumbani.

Sisemi pumzi ndiyo iliyomponya, wala sisemi kwamba kukosa vidonge ndiko kulikoleta ile homa. Homa siku za mwanzo baada ya upasuaji ina sababu nyingi, nami nimeapa kutokuwa daktari tena. Nasema nilichokiona: mama aliyekuwa anapumua kama mwizi, alipopewa dawa na kufundishwa, akapumua kama mwenye nyumba.

Nikarudi Dar na kumwendea mhariri. Nikamwambia nataka tusahihishe ile makala. Akacheka. "Dogo, ya mwaka jana hiyo, nani anaikumbuka?" Nikamwambia mtu mmoja anaikumbuka kwa kichwa. Hatukukubaliana siku ile. Baada ya majuma mawili alinipa nafasi ndogo ukurasa wa ndani, nikaandika upya, safari hii nikiwa nimeongea na nesi, daktari wa usingizi na mtu wa fiziotherapia. Kichwa kilikuwa kirefu na hakikupendeza. Sikuona mtu akikizungumzia popote.

Kama wewe au mzazi wako anasubiri upasuaji, nakuomba uulize mapema: baada ya kupasuliwa nitapewa dawa gani za maumivu na kwa saa ngapi? Nani atanifundisha kupumua na kukohoa? Jifunze kabla ya siku yenyewe, ukiwa na kifua kizima. Beba mto. Ukiwa wodini, ukiulizwa unaumwa kiasi gani, taja namba ya pale unapokohoa. Na kuna mambo ambayo hayangoji mazoezi: ukibanwa pumzi ghafla, kifua kikichoma, mguu mmoja ukivimba na kuuma, homa ikipanda, mshono ukitoa usaha, au maumivu yakizidi badala ya kupungua siku hadi siku, mwite nesi au rudi hospitali mara moja. Usipumue uyasahau.

Krismasi iliyofuata nilikwenda nyumbani. Nikaifungua ile Biblia, nikakuta makala zote mbili, ya kwanza na ya pili. Nikamwomba mama aitupe ile ya kwanza. Nilimwambia ni mbaya, inaweza kumdhuru mtu. Akainyang'anya mkononi mwangu, akaikunja vizuri, akairudisha mahali pake.

"Siitupi. Ina jina lako."

Ndiyo maana nimeandika leo. Ile karatasi bado iko pale, na mama bado ana wageni wengi.